Usiku Mmoja Karibu na Jumba la Mfalme

Msomaji mpenzi, huenda siku moja ukalala mahali pazuri kupita kwenu. Jihadhari siku hiyo usije ukaionea haya kazi yako. Mimi yalinipata, nami nakusimulia upate faida bila ya gharama.

Desemba moja nalialikwa Oslo, mji mkuu wa Norwei, kuhudhuria mkutano wa walimu. Wenyeji wangu walinilipia malazi ya usiku mmoja katika Grand Hotel, iliyofunguliwa mwaka 1874, wakati mji ule ulipokuwa ukiitwa Kristiania. Hoteli hiyo i katika njia kuu ya Karl Johan, karibu na jengo la Bunge. Mwisho wa njia, juu ya kilima kidogo, laonekana jumba la mfalme lililokamilika mwaka 1849. Katika mkahawa wa hoteli, Henrik Ibsen, mtunga michezo mashuhuri, alizoea kula chakula chake siku za uzee wake. Mazulia yalimeza sauti ya viatu vyangu, nami nalishukuru, maana kisigino kimoja kilikuwa kimelika.

Mzee mmoja mtumishi alinichukulia sanduku. Njiani akaniuliza kwa adabu kazi yangu. Neno "mwalimu" lilifika ulimini, nikalimeza. Nikamjibu, "Nafanya biashara Nairobi." Akainamisha kichwa, akanifungulia mlango, akaenda zake.

Kitanda kilikuwa laini na shuka nyeupe kama tui, walakini usingizi ulinikataa. Nalifungua pazia nikaitazama njia. Hapo nikakumbuka kwamba kila tarehe 10 Desemba watu huandamana na mienge njia ile, na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel huwapungia mkono kutoka roshani ya hoteli hii. Mwaka 2004 mshindi alikuwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata tuzo hiyo. Kazi yake ya miti ilianza tarehe 5 Juni 1977, kwa miche saba tu iliyopandwa Nairobi. Na siku zile, kijana, riziki yake aliipata wapi? Kwa kufundisha, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Nalijifunika uso kwa aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona.

Asubuhi nalimtafuta mzee yule nikamwambia, "Jana sikukwambia kweli. Mimi ni mwalimu." Akacheka kidogo, akaugusa mkono wa koti langu. "Nalijua, bwana," akasema. "Chaki hii umekuja nayo kutoka kwenu."

Naam, njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlango wa chumba. Koti lile ningali nalo. Nikifuta ubao, siharakishi tena kulipangusa.