Barua kutoka California: Tela Linalobebwa

Ndugu zangu wa Saadani, Mkwaja, Makurunge na Bagamoyo mjini,

Safari hii nawaandikia juu ya nyumba zinazovutwa na magari. Huku ni jambo la kawaida, na huko kwetu limeanza kutajwa na watu wenye fedha na wenye mipango. Nasema juu ya tela la futi 25 hadi 35 lenye vitanda, jiko, friji, choo na bafu, linalofungwa nyuma ya pikapu na kupelekwa mbugani au baharini likizo ikifika. Saadani ni mahali pa kumtia mtu tamaa ya tela kama hilo. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi, ilipandishwa hadhi hiyo mwaka 2005, na barabara ya kutoka Bagamoyo kupita Saadani hadi Pangani na Tanga ikikamilika, haitakuwa ajabu mtu kuagiza pikapu kubwa na nyumba yake ya nyuma ili awakodishe wageni. Sina ugomvi na biashara hiyo. Ugomvi wangu ni na swali ambalo kila mnunuzi huliuliza kwanza: pikapu hii inavuta tani ngapi? Muuzaji atalijibu kwa ukweli kabisa, na jibu lake halitamsaidia mnunuzi. Aulize pikapu inabeba kilo ngapi mgongoni, kwa sababu tela kubwa, ingawa lina magurudumu yake, sehemu ya uzito wake hubebwa na gari lililo mbele.

Anayebisha amtazame mvuta mkokoteni sokoni. Kabla hajang'oa mguu, hupanga magunia yake akiyasogeza mbele kidogo ya ekseli. Akiyalundika nyuma, mikono ya mkokoteni inapanda juu na yeye ananing'inia miguu ikitafuta ardhi. Akiyalundika mbele mno, uzito wote unamlalia mikononi na hafiki mbali. Anachotafuta ni uzito wa kiasi unaomkandamiza kidogo, ili mkokoteni utulie na kumfuata. Tela la Kimarekani linafuata kanuni hiyohiyo, ila huku wameipa tarakimu: kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela lililopakiwa lazima ilalie kwenye mpira wa chuma ulio nyuma ya pikapu. Pungufu ya hapo, tela likienda kasi huanza kupiga mkia kushoto na kulia, na mkia ule ukishazidi nguvu ya gari, usukani hauna neno tena.

Sasa tufanye hesabu. Mlango wa dereva ukifunguliwa, pikapu inayouzwa Marekani huwa na kibandiko kinachosema watu na mizigo visizidi kilo kadhaa. Chukua pikapu ya daraja la kawaida, la kina Ford F-150 na Chevrolet Silverado 1500, ambayo kibandiko chake kinasema kilo 680, na tangazo lake linajigamba kwamba inavuta tani 5. Ifungie tela lenye uzito wa kilo 3,850 likiwa limepakiwa. Kwa hesabu ya tangazo umebakiwa na zaidi ya tani nzima, unaweza kulala usingizi. Lakini asilimia 13 ya tela hilo ni kilo 500, na zote zinalalia mgongo wa pikapu. Vyuma vya kufungia tela vina uzito wa kilo 45 hivi. Kati ya zile 680 zimebaki 135. Akiingia dereva wa kilo 80 na mkewe wa kilo 65, gari limeshazidiwa kwa kilo 10, na hajapanda mtoto, halijaingia deli la barafu, hakuna gudumu la akiba la ziada wala jembe la kujikwamulia. Pikapu hiyo itaondoka vizuri tu, injini haitalalamika. Vitakavyolalamika ni springi, matairi ya nyuma na breki, navyo hulalamika siku vinapokatika.

Hapo mtu mwerevu husema: basi sogeza mizigo nyuma ya tela, mgongo wa pikapu upumue. Ni dawa inayoleta ugonjwa mkubwa kuliko ule uliotibiwa, maana umeondoa uzito uleule uliokuwa unalituliza tela. Ndiyo maana nasema hesabu hii haina mlango wa nyuma. Ama ununue pikapu nzito zaidi yenye mgongo wa kubeba, ama ununue tela dogo zaidi. Na usisahau maji: lita moja ni kilo moja, na tela la familia hubeba lita 150 au zaidi. Tangi likiwa mbele ya ekseli, ukilijaza umekandamiza pikapu. Likiwa nyuma, umeinyanyua.

Mtaniambia kwamba viwanda haviwezi kuandika uongo. Kweli, haviandiki uongo. Kuna kipimo kinachoitwa SAE J2807, ambacho Toyota ilianza kukifuata kwa magari yake ya mwaka 2011 na viwanda vikubwa vya Marekani vikafuata baadaye. Gari hupandishwa mlima wa Davis Dam, Arizona, kwenye joto kali, kiyoyozi kikiwaka, na lazima lisishuke chini ya mwendo uliowekwa. Ni jaribio la heshima. Lakini ndani ya gari huhesabiwa dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68, na vyuma vya kuvutia visivyozidi kilo 32. Wapo nyumbani kwetu watu wa kilo 68, tena wengi, ila sijui kama ndio watakaokodi nyumba za kuvutwa. Tarakimu ya tangazo ni ya gari ambalo karibu ni tupu. Kila kilo unayoongeza ndani yake inatoa kilo kwenye mkoba uleule wa kubeba.

Saadani yenyewe ilishawahi kushuhudia kosa hili, miaka karibu 150 iliyopita, kabla ya injini. Mwaka 1876 Shirika la Misheni la London lilimtuma Roger Price, mmisionari aliyezoea magari ya kukokotwa na ng'ombe huko kusini mwa Afrika, achunguze kama magari hayo yanaweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Alishukia Saadani, akatembea hadi Mpwapwa akiwa na ng'ombe wachache wasiokokota gari lolote, akarudi na ng'ombe wake wazima. Akatoa taarifa ya kutia moyo: njia inapitika, mbung'o si tatizo. Mwaka 1877 msafara wenyewe ukaondoka Saadani na magari mazito yaliyosheheni. Ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine, magari yakakwama, na wamisionari waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika kwa mabega ya wapagazi. Mwaka huohuo wa 1877 Alexander Mackay wa shirika jingine la misheni, CMS, alikuwa amefyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa ili magari ya ng'ombe yapite, naye akaonja tope na vifo vya mifugo. Price hakusema uongo. Alijaribu ng'ombe wasiokokota gari, kisha wengine wakapakia mzigo kwa kutegemea jaribio lake. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliona nguvu zaidi ndiyo dawa, akashusha tembo wanne wa India pale Msasani. Haukupita muda mrefu nao walikuwa wamekufa.

Na mpagazi je? Mzigo wake ulikuwa frasila mbili au chini yake kidogo, kilo 30 hivi, na ulipimwa kabla kirangozi hajaongoza njia. Mpagazi hakuulizwa anaweza kunyanyua nini kwa dakika moja uwanjani. Aliulizwa anaweza kubeba nini kila siku kwa miezi mitatu, huku akila, akiumwa na akivuka mito. Wanyapara walijua tofauti ya maswali hayo mawili.

Kuna pingamizi jingine lenye uzito: malori ya huko nyumbani pamoja na matela yao yanaruhusiwa kufika tani 56 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, tena kutoka Dar es Salaam hadi Kigali, iweje pikapu ishindwe na tani nne? Lakini tazameni tela la lori limekaa wapi. Limelala juu ya ekseli za nyuma za lori lenyewe, na breki za upepo zipo kila gurudumu. Tela la pikapu limeshikiliwa nyuma ya ekseli, zaidi ya mita moja, likifanya kazi ya mtaimbo: linakandamiza nyuma na kunyanyua mbele, kwenye magurudumu yanayoongoza. Wamarekani wanajua tatizo hilo, wakabuni vyuma vya springi vinavyorudisha sehemu ya uzito mbele. Kwa tela kubwa, ile tarakimu ya juu kabisa ya tangazo mara nyingi hutolewa kwa sharti la vyuma hivyo. Sasa, vyuma hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya lami iliyonyooka. Kwenye mashimo, makorongo na matuta, pale pikapu inapoinua pua na tela linainamisha yake, hukazwa kupita kiasi, na watengenezaji wengi wanashauri vifunguliwe njia ikiwa mbaya. Ukivifungua, umerudi kwenye tarakimu ya chini. Kwa hiyo kifaa kinachoihalalisha pikapu huku ndicho kitakachotakiwa kuvuliwa mara tu unapoacha lami kuingia hifadhini.

Wengine watatoa mfano wa Ulaya, ambako gari dogo la familia huvuta nyumba yake bila kelele. Ni kweli, na mfano huo unaniunga mkono. Matela ya Ulaya mengi ni ya tani moja na nusu hivi, na uzito unaolalia gari huwa kilo 75 hadi 100. Wanaweza kuridhika na uzito mdogo mbele kwa sababu wanakwenda polepole: Ujerumani kilomita 80 kwa saa, au 100 kwa kibali maalumu, na Uingereza 96 kwenye barabara kuu za njia nyingi. Hapa California nako sheria imeweka maili 55, yaani kilomita 88, kwa yeyote anayevuta tela, ingawa ukikaa kando ya barabara kuu utadhani sheria hiyo iliandikwa kwa wino wa maji. Aliye tayari kwenda taratibu na tela dogo hana kesi na mimi.

Watu wa pwani wana hoja yao, nayo ni nzuri: kwetu hakuna mlima, basi mzigo ni mwepesi. Mlima hujaribu injini, na nimeshasema injini si tatizo. Ukanda wa Saadani una majaribu mengine. Una udongo mweusi unaogeuka gundi wakati wa masika, ambao hata gari lisilo na tela huuheshimu. Una matuta kwenye kila kijiji cha barabara kuu. Na una kusi. Tela la mita 9 lenye kuta za mita mbili na nusu lina ubavu wa zaidi ya mita 20 za mraba, ni tanga zima la mashua. Nahodha upepo ukizidi hupunguza tanga. Ukuta wa tela haupunguziki. Lami mpya itaondoa tope barabarani, hilo nakubali, lakini itaongeza mwendo, na mwendo ndio unaozaa kule kupiga mkia. Njia za ndani ya hifadhi, za kwenda kwenye mikoko ya mto Wami au kwa kasa wa Madete, zitabaki za udongo.

Yapo na mambo madogo ambayo muuzaji hayataji. Mlango wa tela la Kimarekani uko ubavu wa kulia, kwa kuwa huku tunaendesha kulia. Huko kwetu mgeni atashukia katikati ya barabara. Umeme wake ni wa volti 120, wetu ni 230.

Waaustralia, nasikia mkisema, wanavuta nyikani kwa Land Cruiser na Hilux. Wanavuta, na tela lao la nyikani ni fupi, chasi yake ni nene, limeinuliwa juu, na bado huko hesabu ya jumla ya gari na tela ni mjadala usiokwisha, kwa sababu Hilux iliyoandikiwa kuvuta kilo 3,500 haiwezi kufanya hivyo huku yenyewe ikiwa imejaa watu na mizigo. Tarakimu zote mbili ni sahihi, ila hazitumiki siku moja.

Kwa anayetaka biashara hii Saadani ningeshauri hivi. Tela kubwa liletwe mara moja tu, wakati wa kiangazi, likiwa tupu bila maji wala vyombo, juu ya lori lenye sakafu bapa la watu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Lishushwe kwenye kiwanja kikavu nje ya njia ya mafuriko, ngazi ya mlango ielekee baharini, na libaki hapo. Pikapu ibaki na kazi ya kuwapokea wageni Bagamoyo na kubeba samaki, maji na mkaa. Na anayeng'ang'ania kuvuta, kabla ya kulipa chochote, akaliweke gari kwenye mizani na familia yote ndani, tangi la mafuta limejaa na tela limefungwa, apime ekseli moja moja, kisha afungue mlango wa dereva asome kile kibandiko.