Barua kutoka Leeds: Mapovu Si Kipimo

Baba mdogo aliniuliza kwenye simu kama ni kweli Waingereza nao wanapika wanzuki, pombe ya asali. Wanapika, tena kwa bidii. Tangu mwaka 1963 mtu hapa hahitaji leseni kutengeneza pombe nyumbani kwake, mradi haiuzi. Asali, maji, hamira ya mvinyo, basi. Tunda la mwegea, ambalo Wamasai na Wakikuyu hulitumia kuchachusha pombe yao ya asali, huku utalitafuta mpaka uchoke.

Kilichonivutia mimi ni namna ya kujua pombe imefika wapi. Mzee wa kwetu Kikatiti hutega sikio kwenye kibuyu, hunusa, huonja, husema bado. Mgeni wa kazi hii huku hukaa akitazama mapovu kwenye kizibo chenye maji. Mapovu ni waongo. Chumba kikipata joto mchana, hewa iliyobaki ndani ya pombe hutoka hata kama hamira imeshamaliza kazi. Mfuniko ukiwa na upenyo, hewa hupita pembeni. Kizibo kimya, ndani moto unawaka.

Wenye kujua hutumia haidromita. Nyie wafugaji mnamfahamu nduguye: laktomita, ile anayoitumbukiza mnunuzi wa maziwa asubuhi akikagua kama kuna aliyeongeza maji. Kazi ni moja. Kioo chenye uzito chini huelea juu kwenye kimiminika kizito na kuzama kwenye chepesi. Maji husoma 1.000, maziwa safi ya ng'ombe kama 1.030. Asali kilo moja na nusu, ikiongezwa maji mpaka lita 5, husoma karibu 1.090. (Msijaribu kwa laktomita yenyewe, mizani yake ni fupi, itaelea tu bila kusema kitu.)

Hamira inapokula sukari, kimiminika huwa chepesi na namba hushuka. Ikifika 1.060, theluthi ya safari imekwisha, na hapo ndipo wengi huacha kuilisha hamira. Hulishwa mwanzoni kwa sababu asali peke yake haina naitrojeni ya kuishibisha. Ikifika 1.000, toa namba hii kwenye ile ya mwanzo, zidisha kwa 131: kilevi karibu asilimia 12. Inaweza hata kushuka chini ya 1.000, maana kilevi ni chepesi kuliko maji, na wapo wanaodhani kifaa kimeharibika.

Kupima kwenyewe kunataka subira. Unachota pombe kidogo kwenye silinda ndefu ya kioo, unaikoroga hewa itoke, kwa sababu vipovu vikishikamana na kioo hukinyanyua na namba ikawa kubwa kuliko ukweli. Unakizungusha kidogo kwa vidole, unainama jicho liwe sawa na uso wa pombe, unasoma pale ulipo bapa, si pale unapopanda ukingoni.

Kwa asali ya nyuki wadogo kifaa hiki kina faida zaidi. Asali hiyo ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, hivyo ukipima kwa kilo tu, pombe mbili za kilo sawa hazitalingana ukali. Haidromita haijali kilo, inajali utamu uliomo.

Ulimi wa mzee bado siutupi. Namba haijui kama pombe imenuka kiberiti au kama ni tamu kunywa. Inajua sukari imekwenda wapi, na hilo ulimi hauwezi kulihakikisha.

Sasa nyie vijana wenye mizinga mnaosema mtauza wanzuki kwenye chupa: agizeni haidromita ya mvinyo, pimeni, ngojeni siku kadhaa, pimeni tena. Namba ikiwa bado inashuka, hewa bado inazalishwa, na chupa iliyofungwa hapo hupasuka. Msifunge hata moja kabla namba haijasimama.