Kamera ya filamu ya otomatiki: inajiamulia nini, na wewe uamue nini

"Otomatiki" ni neno la kuangaliwa kwa makini. Nasema hivyo mimi ambaye ugali wangu unatoka kwenye kuandika programu za kompyuta, kwa hiyo sina ugomvi wowote na mashine zinazojiendesha. Ila kila kinachojiendesha kina mtu aliyekaa mahali, siku moja, akaamua kitajiendesha vipi. Usipojua aliamua nini, utadhani picha imeharibika kwa sababu hujui kupiga.

Makala haya ni ya wale ndugu waliofungua kabati la mzee wakakuta kamera ya filamu, ile nyeusi nene yenye lenzi ya kutoa na kurudisha, wakajiuliza kama bado inafanya kazi. Yawezekana sana. Hebu tuone.

Mpwa wangu, msichana wa mwaka wa pili chuoni, aliniletea moja mapema mwaka huu. Ilikuwa Canon EOS 300, ya mwaka 1999. "Mjomba, hii inawashwa aje?" Nikamuuliza anaitakia nini, wakati simu yake ina kamera tatu. Akasema anataka kumpiga nyanya yake, yaani mama yangu mzazi, picha moja ya karatasi ya kutundikwa ukutani. Mama hazitaki picha za simu. Anasema unaonyeshwa mara moja, halafu simu inaibwa.

Nilielewa, maana mama ana picha moja tu ya ujana wake. Ni ya harusi, mwaka 1974, nyeusi na nyeupe. Kwenye gauni unaweza kuhesabu maua ya lesi. Usoni unaona meno na kivuli, basi. Sisi watoto wake tumebishana miaka yote ni nani kati yetu anayefanana naye alipokuwa msichana, na picha ile haiwezi kutuamulia.

Kwa hiyo somo la kamera likawa na kazi maalum: uso wa mama uonekane.

KAMERA YENYEWE

Ukichungulia kwenye kamera ya aina hii unaona kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Ndani kuna kioo kinachoupeleka mwanga juu hadi kwenye jicho lako. Ukifyatua, kioo kinaruka juu, pazia la shata linafunguka kidogo sana, mwanga unaifikia filamu, kisha kila kitu kinarudi mahali pake. Yote hayo kabla hujapepesa jicho.

Ubongo uliingia humo polepole. Canon AE-1 ya mwaka 1976 ndiyo kamera ya kwanza ya aina hii kuwa na kichakato kidogo cha kompyuta ndani yake. Mwaka 1985 Minolta 7000 ikaleta mota ya kulenga fokasi ndani ya mwili wa kamera. Mwaka 1987 Canon wakaanza EOS, ambapo kila lenzi ina mota yake na huzungumza na kamera kwa nyaya za umeme pekee. Canon walitangaza mwaka 2018 kwamba wameacha kuuza kamera yao ya mwisho ya filamu ya aina hii, kwa hiyo utakayoipata sasa ni ya mtumba au ya urithi.

Jambo la kwanza basi ni betri. EOS 300 hutumia mbili za aina ya CR2, za volti 3 kila moja. Bila hizo haifanyi lolote, hata kufyatua haifyatui. Usiitupe kamera kabla hujaiwekea betri mpya.

KUWEKA FILAMU

Utazame mkebe wa filamu kwa karibu. Utaona vimraba, vingine vya rangi ya fedha na vingine vyeusi. Huo ni msimbo, jamani! Unaitwa DX, na Kodak waliuanzisha mwaka 1983. Mraba wa fedha unapitisha umeme, mweusi haupitishi: moja na sufuri. Kuna safu mbili za vimraba sita. Katika safu ya kwanza kimoja ni cha kuunganisha umeme, na vitano vinavyobaki ni biti tano zinazoiambia kamera filamu ina wepesi gani wa kupokea mwanga. Biti tano zinatoa nafasi 32, na zinazotumika ni 24, kuanzia ISO 25 hadi 5000. Ndiyo maana hukuombwa kuandika chochote: kamera imesoma yenyewe.

Hatua ni hizi:

1. Fungua mlango wa nyuma, pachika mkebe. Lile pazia jembamba katikati usiliguse kwa kidole.
2. Vuta ncha ya filamu hadi kwenye alama iliyochorwa upande wa pili. Isilegee, isizidi.
3. Funga. Utasikia mota ikinguruma kwa muda.

Mngurumo huo ni wa maana. Kamera hii huivuta filamu yote nje kwanza, kisha kila ukipiga picha inairudisha picha hiyo ndani ya mkebe. Ndiyo sababu hesabu yake inaanzia 36 na kushuka. Mtoto akifungua mlango katikati ya roli, picha ulizokwisha kupiga ziko salama mkebeni, zinazoungua ni zile ambazo hujapiga. Aliyebuni hivyo alikuwa na akili ya mtu aliyewahi kupoteza kazi umeme ulipokatika.

KUFYATUA

Kitufe cha kufyatulia kina ngazi mbili. Kibonyeze nusu: kamera inalenga fokasi na kupima mwanga, na taa ndogo ya kijani inawaka ndani ya dirisha unalochungulia. Ikipepesa, bado haijaona vizuri, rudi nyuma kidogo. Ikitulia, malizia kubonyeza. Wanaoanza hubonyeza kwa pupa mara moja hadi chini, na mkono ukitikisika picha nayo inatikisika.

Juu kuna gurudumu la kuchagulia. Mraba wa kijani maana yake ni "niachie mimi kila kitu". Kamera itachagua kasi ya shata na upana wa tundu la lenzi, na hata flashi itaruka yenyewe ikiona inafaa. Picha nyingi zitatoka vizuri humo. Herufi P nayo hujiendesha, ila inakubali kushauriwa. Ushauri huo ndio tuliouhitaji.

KAMERA INAAMINI NINI

Kipimamwanga hakimjui mama yangu. Kinaona mwanga tu, kiasi gani umerudi. Tangu zamani kimefundishwa kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu cha katikati. Kadi ya kijivu wanayotumia wapiga picha kupimia hurudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Ukuta uliopakwa chokaa hurudisha zaidi ya asilimia 80. Ukiielekeza kamera kwenye ukuta mtupu wa namna hiyo, itasema "hapa mwanga umezidi", na iwapo haina ujanja mwingine itaipa filamu kama robo tu ya mwanga unaostahili, ili ukuta uwe kijivu. Sasa msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta huo, naye amevaa nguo nyeupe. Uso wake ulikuwa tayari upande wa giza, sasa umepunguziwa mwanga mara nyingine. Gauni linaonekana, uso unazama.

Wahandisi walilijua tatizo hili. Nikon FA ya mwaka 1983 ilikuwa ya kwanza kuigawa picha vipande kadhaa na kuvilinganisha badala ya kuchukua wastani tu. EOS 300 huigawa vipande 35. Hiyo husaidia, lakini bado ni kubahatisha.

Wala si kamera peke yake. Kuanzia miaka ya 1950 na kwa miongo iliyofuata, maabara za picha zilitumiwa na Kodak kadi ya picha ya mwanamke mzungu ili zirekebishe rangi za mashine zao. Kadi hiyo ilijulikana kwa jina la Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Canada aliandika kwa kirefu kuhusu jambo hilo mwaka 2009. Sisi waandishi wa programu tunaifahamu hadithi hiyo vizuri: programu imejaribiwa kwa mtumiaji mmoja, ikatangazwa kuwa imekamilika. Hakuna aliyekaa kikao kuamua uso wa mtu fulani upotee. Ilitosha tu asiwepo wa kuuliza.

TULIVYOFANYA

Jumapili moja saa tatu asubuhi tukaenda kwa mama. Alikuwa ametoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, gauni jeupe, na akakataa katakata kubadilisha. Akasimama mbele ya ukuta wa chokaa. Unaona mtihani wenyewe ulivyojileta.

Mpwa wangu akapiga mara tatu, mahali palepale.

Ya kwanza, mraba wa kijani, bila kugusa kitu.

Ya pili, kwenye P, akaongeza mwanga. Unashikilia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa huku ukizungusha gurudumu dogo la karibu na kifyatulio. Kila hatua nzima ni mwanga maradufu. Aliongeza hatua moja na nusu. (Ukimaliza rudisha kwenye sufuri, kamera haitakukumbusha.)

Ya tatu, bado kwenye P, alisogea karibu hadi uso wa mama ukajaa katikati, akabonyeza kitufe chenye nyota. Kitufe hicho huiambia kamera ipime sehemu ya katikati peke yake, takriban asilimia 9.5 ya picha, na ishikilie kipimo hicho. Kisha akarudi nyuma haraka, kabla kamera haijakiachilia, akapanga picha, akafyatua.

Mtu atauliza: ukipima uso mweusi peke yake, si kamera itautaka nao uwe kijivu, iupe mwanga kupita kiasi? Swali zuri. Ndiyo, itauzidishia. Lakini filamu ya negativu ya rangi huvumilia mwanga uliozidi kwa hatua moja au hata mbili, na studio hurekebisha wakati wa kuchapisha. Isichovumilia ni mwanga uliopungua: pale ambapo filamu haikupokea kitu, hakuna mtu wala tarakilishi itakayokirudisha. Kwa hiyo ukiwa na shaka, ongeza. Filamu ya slaidi ni kinyume chake, na si ya kuanzia nayo.

Wiki mbili baadaye filamu ilikuwa imesafishwa. Katika picha ya kwanza ukuta ulikuwa na rangi ya majivu na mama amefifia. Ya pili ilikuwa nzuri. Ya tatu ilionyesha mpaka kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Mama aliichukua hiyo, akaitazama, akauliza tumelipa pesa ngapi. Tukamtajia, akatikisa kichwa, lakini hakuirudisha. Ubishi wa nyumbani nao umepata jibu ambalo hakuna aliyelitegemea: lile paji la uso ni la mpwa wangu, si letu.

KABLA YA ROLI YA PILI

Simu huandika yenyewe kila picha ilipigwa vipi. Filamu haiandiki. Nunua daftari la mfukoni, na kila ukifyatua andika namba ya picha, kama ulikuwa kwenye kijani au P, uliongeza au ulipunguza, na mbele yako palikuwa na nini: ukuta mweupe, mti, anga. Roli ya kwanza ikirudi studio, kaa na daftari na picha pamoja. Utaona wazi kamera yako inapenda kukosea wapi, na kuanzia hapo utajua wakati wa kuiachia kazi na wakati wa kuishika mkono.

Anza na filamu ya ISO 200, ya rangi, negativu. Piga mchana. Umpende mtu unayempiga kiasi cha kusogea karibu na kupima uso wake.

Haya, kazi kwenu.