Tulienda msituni na kurudi siku ileile

Mwezi huu tunawaletea habari za safari yetu ya siku moja katika msitu wa Kibale. Tulikuwa watu kumi na wanne wa kikundi chetu cha akiba: akina mama saba, akina baba wanne, na vijana watatu waliomaliza shule ya msingi.

Kwanza tuseme ukweli: safari hii ilileta maneno mengi kabla hatujaondoka. Wengine walituuliza, pesa ya kikundi, tena wakati mgao wa chakula umepunguzwa, mnaenda kulipia kuangalia miti? Miti si ipo popote? Tulibishana mikutano miwili. Mwishowe tukakubaliana kila mmoja atoe kidogo kidogo kwa miezi sita, na mfuko wa mikopo usiguswe. Hatukuchukua kibali cha kufuata sokwe, maana hicho ni ghali mno. Tulichukua matembezi ya kawaida ya msituni, yenye kuongozwa.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo hatukulisema mkutanoni. Wengi wetu tulitoka Masisi na Rutshuru mwaka 2012, na wengi tulipita msituni. Ukimwambia mtu wa kwetu neno "pori", hafikirii ndege wala maua. Anafikiria usiku. Watoto wetu waliokulia hapa wao wanajua mahindi, migomba na mikaratusi ya kando ya njia tu. Msitu wa kweli wanausikia katika hadithi zetu, na hadithi hizo si nzuri.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelala juu ya mashamba. Gari ilitupeleka mpaka Kamwenge mjini, halafu tukashika lami inayokwenda Fort Portal. Tulipita Bigodi, kijiji chenye maduka machache na migomba mingi. Baada ya hapo, kumbe! Mashamba yakakatika kama yamekatwa na kisu. Upande huu migomba, upande ule ukuta wa miti. Gari zima likanyamaza.

Hifadhi ya Kibale ilikuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Ina aina 13 za wanyama wa jamii ya nyani na sokwe, na sokwe wake peke yao ni zaidi ya elfu moja. Mahali pa kupokelea wageni panaitwa Kanyanchu. Pale tulijiandikisha, tukaonyesha vitambulisho vyetu vya ukimbizi, na hakuna aliyetuuliza maswali mabaya. Ni vizuri wasomaji wakumbuke kwamba sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea nchini. Kitambulisho tu usikiache nyumbani.

Kiongozi wetu alikuwa kijana Mtooro mwenye sauti ya upole. Kwanza alitueleza desturi ya kwao ya empaako, yale majina ya heshima kama Amooti, Akiiki au Abwoli, ambayo watu huitana wanaposalimiana. Akampa kila mmoja wetu empaako yake. Tulicheka sana. Mzee wetu mmoja, ambaye hacheki ovyo, aliitwa Amooti akaipenda, na mpaka leo ukimwita hivyo anaitika.

Kicheko kiliisha askari wa wanyama alipokuja. Alivaa sare ya kijani, gambuti, na bunduki begani. Mama mmoja wa kwetu akarudi nyuma akakaa kwenye benchi. Akasema, "Miye nabaki hapa. Ile pori ya kwetu ilinitosha."

Hakuna aliyemlazimisha, maana kila mmoja alielewa. Yule askari naye akaelewa kuna kitu. Akaja akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa Kiswahili cha hapa, "Mama, hii bunduki ni ya ndovu. Akija karibu napiga juu, anasikia, anakwenda zake. Simpigi mtu. Na ndovu mwenyewe simpigi."

Mama akauliza, "Tutatoka saa ngapi?"

"Saa sita mtakuwa hapa hapa mnakula."

"Hakika?"

"Hakika, mama."

Kiongozi akasema atembee mbele, nyuma yake tu, asibaki mkiani. Ukiwa mbele unaiona njia. Basi mama akafunga kitenge vizuri, akasimama, tukaingia.

Ndani kuna kagiza, lakini si giza la usiku. Ni kama kuingia kanisani ukitoka kwenye jua. Majani yaliyoanguka ni laini chini ya miguu, na kuna harufu ya udongo uliolowa. Miti mingine ina mizizi iliyosimama kama kuta, mtu anaweza kujificha katikati yake. Tulipofika kwenye mti wa namna hiyo, wakubwa wote tulitazamana. Tulijua kazi ya mizizi ile. Kijana mmoja akagonga kwa ngumi, ukalia bumm! Kiongozi akacheka, akasema sokwe nao hufanya hivyohivyo. Dume anakuja mbio, anapiga mizizi kwa miguu na mikono kama ngoma, na sauti inakwenda mbali.

Alitufundisha kusoma msitu. Juu ya mti alituonyesha matawi yaliyokunjwa pamoja: kitanda cha sokwe. Kila jioni sokwe anatengeneza kitanda kipya, cha jana hakirudii. Chini tulikuta mavi ya tembo, na ndani yake mbegu kubwa zimeanza kuota. Kuna mti ambao wataalamu wanauita Balanites wilsoniana. Tunda lake ni kubwa, na tembo ndiye anayelimeza zima na kuipeleka mbegu mbali. Tembo wakiisha, mti ule nao utapata shida ya kuzaa. Mzee Amooti akasema, "Kumbe hata mavi yana kazi." Kiongozi akasema hiyo ndiyo somo lote la leo.

Halafu tukasikia majani yanatikisika juu. Walikuwa mbega wekundu, kundi zima, akina mama na watoto wao wameshikilia tumboni. Wanaruka kutoka mti hadi mti na mikono wazi, kama mtu aliyejitupa kitandani. Mmoja akakojoa, na mkojo ukampata kijana wetu kofiani. Kiongozi akamwambia hiyo ni baraka ya Kibale. Tuliona pia kima wenye mkia mwekundu na doa jeupe puani, na tukasikia hondohondo wakipita juu, mabawa yao yanavuma kama mtu anayepuliza moto.

Kitu kimoja kilikuwa kigumu. Kiongozi alituambia tutembee kimya ili wanyama wasikimbie. Kwa vijana ilikuwa mchezo. Kwa sisi, kutembea kimya msituni, mmoja nyuma ya mwingine, ni kitu ambacho mwili unakikumbuka wenyewe. Dada mmoja alianza kutokwa na jasho. Tukasimama, tukanywa maji, askari akatungoja bila kutuharakisha. Baadaye tulimwomba kiongozi aongee kidogo tunapotembea, hata kama tutakosa mnyama mmoja au wawili. Akakubali. Tangu hapo tulitembea vizuri.

Karibu saa tano, kabla ya kugeuka, tulisikia makelele. Kwanza ni kama mtu anayehema, huu, huu, huu, halafu inapanda, inapanda, mpaka inakuwa vilio vya watu wengi pamoja. Mama yetu wa mbele alimshika kiongozi mkono kwa nguvu. Upande wa pili wa bonde vilio vingine vikajibu.

"Ni sokwe," kiongozi akasema. "Hawagombani. Mchana wanajigawa vikundi vidogo, kila kikundi kinatafuta matunda yake. Wanaitana wajue wenzao wako wapi."

Tulisimama tukisikiliza. Wakaita, wakajibiwa, wakaita tena. Halafu mama akasema polepole, "Sisi tulikatazwa kuita."

Waliopita kule wanajua maana yake. Usiku ule mtoto akipotea hukuweza kuita jina lake. Ulimfunga mdogo mdomo kwa mkono wako mwenyewe. Kuna watu katika kambi hii ambao mpaka leo hawajui ndugu zao walielekea upande gani, kwa sababu hakuna aliyeita. Kiongozi hakuuliza kitu. Akavua kofia yake. Sokwe hatukuwaona kwa macho hata mmoja, lakini hakuna kati yetu aliyesema pesa yake imepotea.

Mzee mmoja, mtu wa upande wa Tongo kule Rutshuru, alitueleza njiani kwamba hata kwao sokwe wapo, na zamani, kabla ya vita, wageni walikuwa wakija kuwaangalia. Vijana walishangaa. Walidhani msitu wa Kongo ni wa vita tu. Mzee akawaambia, "Vita iliukuta msitu pale. Haikuzaliwa nao."

Saa sita kasoro tulikuwa Kanyanchu. Askari akamwonyesha mama saa yake, mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Tulikula mihogo ya kuchemsha, mayai na chapati tulizobeba.

Wakati wa kula kiongozi alitueleza shida za Kibale. Watu wanaingia kutega mitego ya waya kwa ajili ya paa wadogo na nguruwe pori. Waya haichagui. Sokwe wengi wa msitu huu wana mkono au mguu ulioharibika kwa sababu ya mitego hiyo. Sisi nasi tunajua njaa, hatuwezi kumhukumu mtu anayetafuta mboga ya watoto. Lakini tulikubaliana jambo moja: aliyetega anatafuta paa, na anayelemaa ni mwingine kabisa.

Tukirudi tulisimama Bigodi. Pale wanakijiji wenyewe wanalinda bwawa lao la mafunjo linaloitwa Magombe, na wanawatembeza wageni kwa miguu. Walianzisha shirika lao mwaka 1992, na pesa ya wageni imesaidia kujenga shule ya sekondari. Tuliona ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi kichwani, anakimbia juu ya matawi kuliko anavyoruka. Wakulima wa pale nao wana kilio chao, tembo na nyani wanakula mazao yao. Mzee mmoja wa kijiji alitukumbusha pia kwamba mwaka huohuo wa 1992 serikali iliwaondoa watu wengi waliokuwa wamelima katika njia ya wanyama, upande wa kusini wa msitu. Kwa hiyo hata miti tuliyoiona inakua upya, kuna watu waliofunga mizigo. Tulimpa mkono. Hatukuwa na neno la kuongeza.

Saa moja jioni tulikuwa nyumbani. Watoto walitukimbilia barabarani. Yule mama alikaa na wajukuu wake, akawahadithia mbega, kitanda cha sokwe na kijana aliyekojolewa. Jirani zake wanasema ni mara ya kwanza wamemsikia akitaja neno pori na watoto wakacheka.

Kwa familia zinazotaka kwenda, tunashauri hivi. Ulizeni bei mapema kabla ya kukusanya pesa, na ulizeni pia sharti la umri wa watoto, maana matembezi hayafanani. Vaeni gambuti na soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi, kwa sababu siafu hawana huruma. Bebeni koti la mvua, hasa kati ya Machi na Mei, na Septemba mpaka Novemba. Chakula na maji mbebe wenyewe. Na kama mna mtu mwenye kumbukumbu nzito za njiani, msimfiche kiongozi. Mwambieni mapema, mtu huyo atembee mbele, na aambiwe saa ya kutoka.

Hatusemi msitu umeponya kitu. Walioondoka hawajarudi, na usiku bado ni usiku. Lakini sasa kila mmoja wa wale kumi na wanne ana siku mbili za msituni: ile ya kwanza, na hii ambayo tuliingia mchana, tukaitwa kwa majina ya heshima, na tukatoka wote tukiwa kumi na wanne. Tulihesabiana mara tatu kwenye gari.