Kifundo Hufundishwa Upya

Fiziotherapia niliisomea hospitali ya KCMC, Moshi. Huko tulishikishwa mifupa miwili ya mguu chini ya goti: tibia, mnene, unaobeba karibu uzito wote, na fibula, mwembamba wa upande wa nje. Ncha zao za chini huubana mfupa wa talasi, na hapo ndipo palipo kifundo. Fibula hushuka chini zaidi, na ligamenti za nje ni dhaifu kuliko za ndani. Ndiyo maana mtu akiteleza, wayo hupindia ndani na kinachochanika huwa cha nje.

Kazi ikanipeleka Dar es Salaam. Jumatatu benchi lilijaa vijana wa soka la mchangani, vifundo vimevimba, na wengi walikwisha kuchuliwa kwa maji moto usiku wa mechi, uvimbe ukazidi. Nilibonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa kila jicho la mguu, kisha nikamwambia mgonjwa atembee hatua nne. Hizo ni kanuni za Ottawa, zilizotungwa na madaktari wa Kanada na kuchapishwa 1992. Mfupa ukiuma pale, au ikiwa tangu aumie hadi sasa hatua nne zimemshinda, aende eksirei. Aliyesema amepigwa teke kisiginoni, akageuka asione mtu, nilimlaza kifudifudi na kuminya tafu. Wayo usipotikisika, kano ya kisigino imekatika.

Bodaboda zilipoenea, benchi likabadilika. Tibia kwa mbele imefunikwa na ngozi tupu, kwa hiyo ikivunjika huchomoza nje kwa urahisi, uchafu wa barabarani ukaingia. Theluthi yake ya chini hupata damu kidogo, hivyo huunga polepole. Madereva walikuja na vyuma vilivyopenya ngozi hadi mfupani, nami niliwahimiza wakunje na kunyoosha vidole na kifundo ili visikakamae.

Lakini waliokuwa wagumu kuelewa ni wale wa kuteguka. Maumivu yakiisha, wanaaga.

"Mama, mie nimepona. Jumamosi nacheza."

"Haya mwanangu, simama kwa mguu huohuo. Sasa fumba macho."

Kabla sijamaliza kuhesabu, keshashika ukuta. Ligamenti haishikilii mifupa tu. Ndani yake mna neva zinazouarifu ubongo wayo umekaaje, na zikishaumia, taarifa huchelewa na kifundo hupinduka tena. Kulala hakuzirudishi. Kinachosaidia ni kusimama mguu mmoja kila siku, kupanda na kushuka kwa vidole kwenye ngazi, kisha kukimbia kwa kukata kona, na mpira uje mwisho. Siku hizi kijana akiniuliza lini atarudi uwanjani, simtajii tarehe. Namwambia afumbe macho.