TPM ndani ya QEMU: niiweke au niitoe?

Wiki hii ninakompaili QEMU upya kwa ajili ya seva yangu, na katika ule msururu wa chaguo za configure kuna moja iliyonikalisha chini: --enable-tpm au --disable-tpm?

Kwa wageni: QEMU ni programu huria aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, na huiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. TPM nayo ni chipu ya kutunza funguo za siri. Windows 11, iliyotoka 2021, inadai TPM 2.0, na nina wateja wawili wanaoitaka.

Kwa kawaida mimi hutoa kila kifaa nisichokitumia. Mnakumbuka VENOM ya 2015? Kasoro ilikuwa kwenye kidhibiti cha diski za flopi. Flopi jamani, mwaka 2015! Hakuna aliyezitumia, lakini msimbo wake ulikuwamo, na mtu aliye ndani ya mashine pepe angeweza kuupitia akatorokea kwenye seva yenyewe.

Ningeweza kuipitishia mashine pepe chipu halisi ya seva, lakini chipu ni moja na wateja ni wawili. Inabaki ya kuigwa, ambayo QEMU inaikubali tangu toleo 2.11 la 2017. Hapo kuna jambo zuri: kazi nzito ya funguo haifanyiki ndani ya QEMU. Inafanywa na programu nyingine, swtpm, na hizo mbili huongea kwa soketi. Kwa hiyo --enable-tpm haiingizi mzigo mkubwa kama nilivyohofia, na swtpm naiendesha kwa akaunti yake yenye ruhusa chache.

Basi nimejenga mara mbili: QEMU yenye TPM kwa hao wawili, na isiyo nayo kwa mashine za Linux zisizoihitaji. Kila sasisho ni kazi maradufu, lakini nalala usingizi.

Ila tusidanganyane. Chipu ya kuigwa ni faili tu kwenye diski yangu, na mwenye mamlaka yote juu ya seva anaweza kuifikia. Mteja mmoja ni mhasibu, ana mishahara ya watu mle. Nilimwambia wazi kwamba BitLocker itamkinga na mwizi wa diski yake pepe, si na mimi. Akafikiri kidogo, akaniuliza faili hiyo nitaiweka wapi. Nakala yake iko mbali na nakala za diski, na ule ufunguo wa dharura wa BitLocker ameuchapisha kwenye karatasi, anao mwenyewe.