Nilikagua Kigae Kimoja, Nikamdhulumu Fundi

Kwa miezi 14 nilikaa na shilingi 120,000 za jasho la mtu, na muda wote huo niliamini kwamba haki iko upande wangu. Mtu huyo ni fundi aliyeweka vigae jikoni kwangu, Tabata. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba ameniharibia kazi. Aliyeharibu nilikuwa mimi. Jina lake nililichafua hadharani, kwa hiyo sina ruhusa ya kulisafisha kwa kunong'ona.

Nyumba yetu tuliihamia kabla haijakamilika, kama tunavyofanya wengi tunaojenga kwa mshahara. Jikoni palibaki na sakafu ya saruji kwa miaka 9. Mbele ya sinki ilikuwa imeanza kuchimbika, maji ya vyombo yakituama, na kila ukifagia unaondoka na vumbi la sakafu yenyewe. Zamu yangu ya kupokea fedha za mchezo ilipofika, niliamua jikoni patangulie uzio, patangulie na rangi ya nje.

Kuchagua nilichagua kwa bidii. Jumamosi tatu mfululizo nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, upande wa Gerezani, nikiuliza na kuandika. Nilijifunza kwamba kigae cha ukutani si cha sakafuni hata kama vinafanana sura: cha ukutani ni chepesi, hunywa maji mengi, na kikikanyagwa kila siku hakidumu. Nilijifunza kwamba vigae vya posilini huokwa hadi vikabana sana, kiasi kwamba maji vinayonyonya hayazidi nusu asilimia ya uzito wake. Nilijifunza kukwepa vile vinavyong'aa kama kioo, kwa sababu jikoni maji na mafuta hudondoka, na anayeteleza mara nyingi ana sufuria mkononi.

Nilikipenda kigae kimoja cha sentimita 60 kwa 60, kisichong'aa, rangi ya mchanga mkavu wa ufukweni. Nikanunua kimoja tu, nikaenda nacho nyumbani. Nilikilaza jikoni nikakitazama asubuhi, adhuhuri, na usiku chini ya taa. Nilikimwagia maji nikakikanyaga pekupeku. Nilikipaka manjano na mafuta ya mawese, nikakiacha mpaka kesho yake, nikakifuta kwa kitambaa na sabuni, doa halikubaki. Nikakiwekea rula ubavuni kuona kama kimepinda. Kilikuwa kimenyooka.

Kigae kile kilifaulu mtihani, nami nikasadiki kwamba nimemaliza ukaguzi. Lakini nilikuwa nimekagua kigae kimoja, na sakafu yangu ilihitaji zaidi ya 36. Hivyo vingine vilikuwa ndani ya maboksi, na maboksi sikuyasoma.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu, nami ni mwalimu wa Hisabati. Jiko langu lina mita za mraba 13. Boksi moja la vigae vile lina vigae 4, yaani mita za mraba 1.44. Ukigawanya 13 kwa 1.44 unapata 9 na punje. Fundi alikuwa ameniambia wazi: "Mwalimu, chukua 10 au 11. Kuna vya kukata, kuna vya kuvunjika, na uache vya akiba." Niliona ananiongezea gharama. Nikanunua 9.

Siku ya tatu ya kazi vigae vikaisha. Viwili vilikuwa vimevunjika njiani ndani ya kirikuu, vingine vikaliwa na mikato ya kwenye miimo ya mlango na bomba la maji machafu. Pengo lilibaki la vigae 5, mstari mzima chini ya dirisha. Nikapanda daladala kurudi duka lilelile. Nikaona boksi lenye picha ileile na jina lilelile. Nikalipia mawili, nikayaleta kwa bajaji.

Fundi alifungua boksi la kwanza, akatoa kigae, akakilaza juu ya kilichokwisha kuwekwa. Akakigeuza. Akatoa cha pili. Kisha akasimama.

"Mwalimu, huu si mzigo mmoja na ule. Rangi imekwenda pembeni kidogo, na hiki ni kikubwa. Tusiviweke. Rudisha, uwaombe watafute mzigo wa mwanzo."

"Fundi, jina si hilohilo?"

"Jina ndilo. Mzigo ndio sio."

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili nilikuwa na wageni, ukoo wa mchumba wa binti yangu, na nilitaka waingie wakute jikoni pamekamilika. Akanisihi walau tuvipange vikavu sakafuni bila gundi, niangalie mwenyewe. Nakumbuka neno kwa neno nilichomjibu: "Nakulipa uweke, sikulipi upange." Akanyamaza. Akachanganya gundi.

Jumamosi asubuhi, groti ya katikati ya vigae ilipokauka na jua likapita dirishani, niliona. Vigae 5 vya chini ya dirisha vilikuwa na wekundu ambao vingine havina, mithili ya kiraka kwenye kanga. Na mistari haikukutana: ulipoifuata kutoka mlangoni ukafika kwenye ule mstari wa mwisho, kila mmoja ulikatika na kuhamia kando.

Nilimwita fundi nikamfokea barazani. Nilisema hajui kutumia uzi, hajui kupima, amekimbiza kazi. Alijaribu kunikumbusha aliyoniambia Alhamisi, nikamkatiza. Nikamwambia salio lake, zile 120,000, halipati, nitalitumia kuita fundi anayejua kazi. Akakusanya vifaa vyake, mwiko, nyundo ya mpira na mashine ya kukatia, akaondoka bila kunitukana.

Sikuishia hapo. Kwenye kikao chetu cha vikoba nilisimulia jinsi nilivyoharibiwa jiko. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kumpa fundi huyohuyo kazi ya choo na sebule. Akaiahirisha, kisha akampa mtu mwingine. Niliposikia, nilihisi nimemwokoa.

Ukweli ulinifikia kupitia karatasi za mitihani. Maboksi ya vigae ni magumu, kwa hiyo nilikuwa nimeyahifadhi stoo na kuyajaza karatasi za wanafunzi zilizokwisha kusahihishwa. Baada ya mwaka na miezi miwili nikaenda kuzipunguza. Nilishika maboksi mawili, moja la mzigo wa kwanza na moja la mzigo wa pili, nikayaweka sakafuni sambamba. Ubavuni mwa kila moja kulikuwa na lebo. Jina, lilelile. Ukubwa, uleule. Daraja, la kwanza yote mawili. Lakini chini yake kulikuwa na namba mbili ndogo, ya rangi na ya kipimo, na zote mbili hazikulingana.

Nikasoma, nikaulizia. Kigae ni udongo uliookwa katika joto linalozidi nyuzi 1,000. Udongo wa leo haulingani kabisa na wa mwezi uliopita, dawa ya rangi nayo hutofautiana kidogo, na tanuri lenyewe haliwaki sawasawa siku zote. Udongo ukiokwa husinyaa, na hausinyai kwa kiasi kilekile kila mara. Kwa hiyo vigae vya jina moja hutoka na tofauti ndogo za rangi, na tofauti za ukubwa za milimita moja au mbili. Kiwanda hakifichi jambo hili. Huvichambua, kikaweka vinavyofanana pamoja, kikaandika namba kwenye boksi. Namba zile zimewekwa ili mnunuzi azisome, na mimi sikuzisoma.

Nikachukua tepu, nikapiga magoti jikoni. Kigae cha mzigo wa kwanza: milimita 598. Cha mzigo wa pili: milimita 600. Tofauti ni milimita 2. Zidisha kwa vigae 5, ni milimita 10, sentimita nzima ndani ya mstari mmoja. Hakuna uzi wala jicho la fundi linaloweza kuikutanisha mistari ya namna hiyo. Nilipotazama kwa makini nikaona alichokuwa amefanya: alibana nafasi za groti katika mstari ule mpaka zilipoishia, akijaribu kupunguza hasara ya vigae ambavyo mimi nilimlazimisha aviweke. Ile niliyoiita kazi mbovu ilikuwa jitihada ya mtu kuninusuru.

Kwa zaidi ya miaka 20 nimewaambia wanafunzi kwamba jibu bila njia halina alama. Mimi nilimhukumu mtu kwa kutazama jibu tu. Njia ilikuwa imeandikwa kwenye boksi, ndani ya stoo yangu, chini ya karatasi zao.

Kumtafuta fundi kulinichukua wiki mbili, kwani namba yake nilikuwa nimeifuta. Nilimkuta Kinyerezi kwenye nyumba inayojengwa. Nilimpa fedha yake yote, nikamwonesha maboksi mawili, nikamwambia: "Ulisema kweli, fundi. Nimekudhulumu. Naomba unisamehe." Aliyatazama maboksi, akasema, "Niliziona namba siku ile, mwalimu. Ulikuwa hutaki kusikia." Kisha akanieleza kwamba mwezi ule alitegemea salio langu na kazi ya yule mwenzetu kulipa kodi ya chumba, na alikopa. Alisema amesamehe. Ninaamini amesamehe, lakini ule mwezi wake siwezi kumrudishia.

Kikao cha vikoba kilichofuata nilisimama nikaeleza kila kitu, nikitaja jina lake kama nilivyolitaja mwanzo, safari hii kwa haki. Yule mwenzetu aliinamisha kichwa. Nilimwambia aibu hiyo ni yangu.

Ndugu msomaji unayejiandaa kuweka vigae, sampuli ichukue nyumbani, imwagie maji, ipake mafuta. Hayo yote ni mema. Lakini kabla hujalipa, omba maboksi yote yapangwe mbele yako na usome lebo ya kila moja: namba ya rangi iwe moja, namba ya kipimo iwe moja. Ongeza angalau sehemu 1 katika kila 10 ya mahitaji yako, na ununue siku hiyohiyo, maana mzigo ukiisha dukani huenda usiuone tena. Vikifika nyumbani, fungua maboksi kadhaa, changanya vigae, vipange vikavu sakafuni, usimame mlangoni uvitazame kwa mwanga wa mchana. Gundi ikishashika, ukaguzi umekwisha.

Na fundi wako akisimama akakuambia "ngoja," ngoja. Yeye ameshika vigae vingi kuliko wewe. Mambo yakiharibika, rudi kwanza kwenye risiti zako, maboksi yako na maneno uliyoyatamka mwenyewe, kabla hujagusa ujira wa mtu.

Vile vigae 5 sijavibandua. Kila asubuhi jua likipita dirishani naviona.